Ngoma ya Hupu: Jinsi Pete Ilivyohama Kiunoni na Kuingia Mikononi

Hupu ni pete kubwa na nyepesi ambayo mchezaji huizungusha kiunoni, shingoni, miguuni au mikononi huku akicheza. Hupu ya kiunoni ya mtu mzima huwa na kipenyo cha mita moja au zaidi kidogo. Hupu ndogo huwa na sentimita 60 hadi 70 hivi, na makazi yake ni mkononi. Mchezaji anayeshika hupu ndogo mbili za kulingana, moja kila mkono, huhesabiwa kuwa anacheza hupu pacha. Tofauti ya sentimita 30 au 40 ni ndogo kwa macho, lakini imezaa ngoma mbili zenye mbinu na misuli tofauti. Ndiyo maana historia ya hupu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya ukubwa wake na ya kitu kilichotumika kuitengeneza: kila mara pete ilipobadilika uzito au kipenyo, ngoma nayo ilihamia kiungo kingine cha mwili.

Pete ya kuviringisha

Katika nchi nyingi pete ilianza kuchezewa ardhini. Katika Ugiriki ya kale vijana waliviringisha pete za chuma kwa kijiti, wakizikimbiza kama zoezi la mwili na kama mchezo. Makumbusho ya Louvre mjini Paris yana chombo cha udongo cha mwanzoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo, kazi ya msanii anayejulikana kama Mchoraji wa Berlin, kinachomwonyesha kijana Ganymede akiwa na pete yake na jogoo. Miaka elfu mbili baadaye, mwaka 1560, Pieter Bruegel Mkubwa alichora mtaa mzima uliojaa watoto wakicheza michezo ya kila aina, na mbele kabisa kuna watoto wanaokimbiza pete za mbao kwa vijiti. Mchoro huo umehifadhiwa Vienna.

Mchezo wa namna hiyo unafahamika vema Afrika Mashariki. Ringi ya baiskeli iliyotolewa spoku, au tairi kuukuu, pamoja na kijiti cha kuisukumia, vimewatosha watoto wa mijini na vijijini kwa vizazi kadhaa. Popote unapochezwa, mpangilio wake ni uleule: pete ni gurudumu, na mchezaji yuko nje yake akiifuata. Ngoma ya hupu huanza pale mchezaji anapoingia ndani ya pete, na pete ikaanza kuongozwa na mwili wenyewe badala ya kijiti.

Pete nyingi za watu wa asili wa Amerika

Walioichukua pete ndogo mapema zaidi na kuifanya chombo cha ngoma iliyokamilika ni watu wa asili wa Amerika Kaskazini. Kwa mataifa mengi ya huko, mviringo ni ishara ya uhai usiokatika: majira yanayorudi, vizazi vinavyopokezana, na watu, wanyama na mimea waliofungamana. Black Elk, mzee wa dini wa taifa la Lakota, alilifananisha taifa lake na pete takatifu katika masimulizi yake yaliyochapishwa mwaka 1932. Pete iliingia pia katika shughuli za uponyaji, kwa imani kwamba mgonjwa hurudishiwa ukamilifu uliovunjika.

Ngoma za watu hao zilipita katika kipindi kigumu. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa kanuni zilizohesabu ngoma kadhaa za kidini za watu wa asili kuwa makosa ya kuadhibiwa, na miaka ya 1920 mkuu wa idara iliyosimamia mambo yao, Charles Burke, alizidi kuwabana wachezaji kwa nyaraka zake. Canada ilibadili sheria mwaka 1884 ili kupiga marufuku baadhi ya sherehe, ikaongeza makali mwaka 1895, na mwaka 1914 ikawazuia watu wa asili wa majimbo ya magharibi kucheza ngoma nje ya maeneo yao bila kibali. Marekani ililegeza msimamo mwaka 1934 chini ya John Collier, na Canada ikaondoa makatazo hayo mwaka 1951. Ulinzi wa kisheria wa ibada za watu wa asili nchini Marekani ulitamkwa na bunge mwaka 1978.

Katika miaka hiyohiyo ya kubanwa, kulikuwa na majukwaa ambako ngoma ziliruhusiwa kwa sababu zilivuta watalii. Mji wa Gallup, New Mexico, ulianzisha mwaka 1922 tamasha la kila mwaka lililokusanya mataifa mbalimbali ya watu wa asili. Katika mazingira kama hayo, mchezaji alilazimika kutenganisha kilicho cha ibada, kisichofaa kuonyeshwa, na kile kinachoweza kuchezwa mbele ya wageni. Ngoma ya pete ilikua katika nafasi hiyo ya pili, bila kuacha mafundisho yake.

Anayetajwa kama mwanzilishi wa sura yake ya sasa ni Tony White Cloud, wa kijiji cha Jemez Pueblo, New Mexico. Kuanzia miaka ya 1930 alikuwa akicheza na pete kadhaa kwa pamoja, akizipitisha mwilini na kuziunganisha ziwe maumbo. Alizunguka na maonyesho mbele ya hadhira kubwa, na mwaka 1952 yeye na kundi lake walionekana katika filamu ya Gene Autry iitwayo Apache Country. Kutoka kwake na kwa wenzake, ngoma hiyo ilienea hadi kwenye nyanda za kaskazini na Canada, na kila taifa likaongeza hatua na maumbo yake.

Pete za ngoma hii zilitengenezwa kwa fito laini za mti wa mierebi zilizopindwa na kufungwa. Leo wengi hutumia mabomba membamba ya plastiki yaliyozungushiwa utepe wa rangi. Kipenyo chake kwa kawaida hukaribia sentimita 60. Mchezaji huanza na pete moja, mara nyingi akiiinua kutoka ardhini kwa mguu bila kuinama, kisha huongeza ya pili, ya tatu, ya nne, na kuendelea. Pete hushikana kwa mgandamizo wa mikono, mabega, mgongo na magoti. Kwa njia hiyo hujengwa mabawa ya tai, kipepeo, nyoka, kobe, ua linalochanua, na mwishoni tufe linaloshikwa juu kama dunia nzima. Wakati wote huo miguu haiachi kufuata ngoma, na waimbaji huendelea kupiga na kuimba.

Kevin Locke, mchezaji wa Kilakota aliyefariki mwaka 2022, alikuwa akijenga simulizi zima kwa pete 28. Mwaka 1990 alitunukiwa heshima ya kitaifa ya urithi wa sanaa nchini Marekani, na alizunguka mabara mengi akifundisha kwamba kila pete ni watu fulani, na tufe la mwisho ni watu wote wakiwa pamoja. Mwaka uliofuata, 1991, yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya ngoma ya pete, na bingwa akawa Eddie Swimmer, Mcherokee wa mashariki. Sasa mashindano hayo huandaliwa kila mwaka na makumbusho ya Heard yaliyoko Phoenix, Arizona. Waamuzi hutazama usahihi, kuendana na mdundo, mvuto wa onyesho, ubunifu na kasi. Ngoma iliyokuwa ya wanaume kwa muda mrefu ilifungua mlango kwa wanawake, na Lisa Odjig, wa asili ya Odawa na Ojibwe, akatwaa ubingwa wa dunia mara mbili.

Plastiki na mwaka wa 1958

Hupu ya kiunoni ina chanzo kingine. Katika miaka ya 1950 watoto wa Australia walizungusha pete za mianzi shuleni wakati wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1957 kampuni ya Toltoys ya huko ilianza kuzitengeneza kwa plastiki. Mwaka huohuo Joan Anderson, Mwaustralia aliyekuwa akiishi Los Angeles, alitumiwa na mama yake pete ya mianzi kama alizoziona alipozuru kwao, akawaonyesha marafiki, kisha yeye na mumewe wakampelekea Arthur Melin wa kampuni ya Wham-O. Melin na mshirika wake Richard Knerr walikuwa wameianzisha Wham-O mwaka 1948. Waliiona pete ile ina biashara, wakaitengeneza kwa plastiki, ikapewa jina la hula kutokana na ngoma ya visiwa vya Hawaii yenye miondoko ya nyonga, na mwaka 1958 wakaingia sokoni kwa bei ya chini kidogo ya dola 2. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba pete milioni 25 ziliuzwa ndani ya miezi minne. Mchango wa Joan Anderson ulisahaulika kwa miongo mingi, mpaka filamu fupi ya mwaka 2018 ilipousimulia.

Mafanikio hayo yalitegemea kemia. Mwaka 1951, mjini Bartlesville, Oklahoma, wanakemia J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips Petroleum waligundua njia ya kutengeneza plastiki mbili ngumu na nyepesi. Ya kwanza, polithini nzito, iliingizwa sokoni kwa jina la Marlex, lakini awali ilitoka kiwandani ikiwa na ubora usiolingana, na shehena kubwa ikabaki ghalani bila wanunuzi. Kiu ya hupu ya mwaka 1958 ndiyo iliyomaliza shehena hiyo. Ya pili, polipropilini, ilibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi kabla ya Hogan na Banks kupewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1983. Plastiki hiyo ya pili ndiyo ambayo baadaye ingebadilisha hupu ndogo na hupu pacha.

Wazimu wa 1958 ulipoa haraka. Pete ziliendelea kuuzwa, lakini zilibaki kuwa kitu cha watoto, na sababu yake ilikuwa ya kiufundi. Pete ya dukani ilikuwa nyembamba, nyepesi na ndogo. Mtoto aliimudu, lakini mtu mzima alipoijaribu iliteremka hadi miguuni baada ya mizunguko michache, naye akahitimisha kwamba hana kipaji. Kasoro haikuwa mwilini mwake. Pete inapozunguka kiunoni, hushikiliwa na msukumo wa mwili na msuguano wa ngozi au nguo dhidi ya plastiki. Kadiri pete inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyolazimika kuzunguka haraka ili isianguke, na kiuno nacho kisukume kwa kasi hiyohiyo. Pete pana na nzito huzunguka polepole na kumpa mchezaji nafasi ya kuihisi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, waliotumia roboti zenye maumbo mbalimbali, walionyesha pia kwamba umbo la mwili lina sehemu yake: nyonga zenye mteremko huisukuma pete juu, na kiuno kilichobonyea huizuia isipande wala kushuka.

Jimnastiki na sarakasi

Wakati pete ya dukani ikipoteza umaarufu, pete nyingine ilikuwa ikipata kanuni. Jimnastiki ya mdundo, iliyokomaa Ulaya ya Mashariki, ilifanya mashindano yake ya kwanza ya dunia Budapest mwaka 1963, na ikaingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, ambako Lori Fung wa Canada alitwaa dhahabu. Hupu ni mojawapo ya vifaa vyake, na kanuni zinataka kipenyo cha ndani cha sentimita 80 hadi 90 na uzito usiopungua gramu 300. Wanajimnastiki ndio waliothibitisha kwamba pete inaweza kurushwa, kuviringishwa mgongoni, kuzungushwa kiganjani na kupokewa kwa mguu. Kwao kiuno ni sehemu moja tu kati ya nyingi.

Sarakasi nayo ilishika njia ya wingi. Wachezaji wa sarakasi walizungusha pete nyepesi kadhaa kwa pamoja, wakizitawanya kutoka shingoni hadi magotini. Anayefahamika zaidi katika njia hii ni Marawa Ibrahim, mzaliwa wa Australia ambaye baba yake ni Msomali. Mwaka 2015, mjini Los Angeles, alizungusha hupu 200 kwa wakati mmoja na kuweka rekodi ya dunia. 

Hupu ya watu wazima

Mabadiliko yaliyozaa ngoma ya sasa yalianza katikati ya miaka ya 1990 nchini Marekani. Bendi ya The String Cheese Incident ya Colorado ilizoea kupeleka hupu kwenye maonyesho yake na kuwahimiza mashabiki wacheze nazo. Hupu hizo zilitengenezwa nyumbani kwa mabomba meusi ya umwagiliaji yaliyokatwa, kuunganishwa na kufungwa utepe. Zilikuwa pana na nzito, kwa hiyo mtu mzima ambaye hakuwahi kufaulu utotoni aliweza kuidumisha pete kiunoni kwa dakika nzima. Kilichofuata kilikuwa cha kawaida: aliyeweza kuituliza kiunoni alianza kuipandisha kifuani, kuipitisha mabegani na kuitoa kwa mkono.

Los Angeles, Anah Reichenbach, aliyejulikana kwa jina la jukwaani Hoopalicious, alikuwa miongoni mwa waliogeuza starehe hiyo ya matamasha kuwa somo lenye hatua na majina ya mbinu. Madarasa yakaenea mijini. Tarehe 7 Julai 2007 iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Hupu Duniani, pamoja na kampeni ya kugawa pete kwa watoto wasio nazo. Mtandao wa YouTube, ulioanza mwaka 2005, uliondoa kikwazo cha umbali: mbinu iliyobuniwa usiku mmoja California iliweza kujaribiwa kesho yake Nairobi au Tokyo. Hapo ndipo maendeleo yalipozidi kasi, na hapo ndipo pete ilipoanza kupungua.

Pete inapopungua

Wachezaji walipozidi kuitoa hupu kiunoni na kuileta mkononi, bomba la umwagiliaji lilianza kuwa mzigo. Lilikuwa zito kwa kifundo cha mkono, likiumiza kila lilipogonga mfupa, na lilichelewa kugeuza mwelekeo. Mafundi wa hupu wakajaribu mabomba ya polithini nzito, kisha ya polipropilini, yenye unene wa milimita 16 hadi 19. Polipropilini ni nyepesi, ngumu, na hurudi haraka katika umbo lake ikipindwa, hivyo pete huitikia kidole bila kuchelewa. Ugunduzi wa Hogan na Banks ukawa umeihudumia hupu mara mbili: plastiki yao moja iliieneza mwaka 1958, na nyingine ikaiwezesha kuwa ndogo nusu karne baadaye.

Kipenyo kilipungua kwa sababu ya urefu wa mkono wa binadamu. Mojawapo ya mbinu zinazopendwa zaidi ni ile ambayo hupu huonekana imesimama hewani ikizunguka palepale, bila kusogea. Siri yake ni kwamba mkono husafiri kwenye ukingo wa pete huku kitovu cha pete kikibaki mahali pamoja. Kwa hupu ya mita moja, mkono hulazimika kuchora duara la mita moja, jambo linalovuta bega na kuyumbisha kiwiliwili. Kwa hupu ya sentimita 60 au 65, duara hilo hukaa mbele ya kifua, ndani ya uwezo wa mkono uliolegea. Pete ikishakuwa ndogo kiasi hicho, mkono wa pili hubaki bure, na si ajabu kwamba wachezaji waliupa pete yake.

Mkono wa pili ulipopata pete, kulikuwa tayari na lugha ya kuazima. Wamaori wa New Zealand wana poi, mipira iliyofungwa kwenye kamba na kuzungushwa kwa mikono yote miwili, sanaa ambayo kwa muda mrefu imekuwa sehemu ya ngoma za wanawake na ya mazoezi ya vifundo vya mikono. Mwishoni mwa karne ya 20 poi iliingia katika michezo ya moto na ya matamasha duniani, na wachezaji wake walikuwa wameshachambua jinsi vitu viwili vinavyoweza kuzunguka pamoja bila kugongana. Wachezaji wa hupu pacha walichukua uchambuzi huo karibu wote, wakauongezea lile ambalo poi haina: ukingo unaoweza kushikwa popote, na tundu ambamo mkono, kichwa au pete nyingine hupita.

Uchambuzi wenyewe una nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni bapa, yaani uso wa kufikirika ambao pete hutelezea: mbele ya mwili, ubavuni, au juu ya kichwa sambamba na ardhi. Pete ikitoka kwenye bapa lake hugonga mwili au pete mwenzake. Nguzo ya pili ni mwelekeo na wakati. Pete mbili zaweza kuzunguka upande mmoja au pande zinazopingana. Zaweza kufika juu kwa pamoja au kupokezana, moja juu nyingine chini. Kutokana na hayo hupatikana mipangilio minne: upande mmoja kwa wakati mmoja, upande mmoja kwa kupokezana, pande tofauti kwa wakati mmoja, na pande tofauti kwa kupokezana. Mbinu nyingi za hupu pacha hujengwa juu ya mipangilio hiyo minne.

Namna mchezo unavyofundishwa

Mpangilio wa kufundisha uliozoeleka leo unafuata njia ileile ambayo historia imepitia, kutoka pete moja hadi mbili, na kutoka mzunguko rahisi hadi maumbo.

Hatua ya kwanza ni kupata pete zinazofaa. Hupu mbili za pacha sharti zilingane kipenyo, unene na uzito, kwa kuwa pete nzito zaidi huchelewa na kuvuruga wakati. Anayetengeneza mwenyewe hukata bomba lenye urefu wa mara 3.14 ya kipenyo anachotaka. Hupu ya sentimita 65 huhitaji bomba la sentimita 204 hivi. Ncha hulainishwa kwa maji ya moto, huingizwa kipande kifupi cha bomba jembamba zaidi kama kiungio, kisha huachwa zipoe na kukaza. Plastiki tupu huteleza kwa jasho, kwa hiyo upande wa ndani hukwaruzwa kwa msasa au pete huzungushiwa utepe wa kitambaa. Anayeanza hufaidika na pete nzito kidogo kuliko za mabingwa, maana uzito humwambia mkono pete iko wapi.

Hatua ya pili ni kuuzoesha mkono mmoja kwa pete moja. Hupu hushikwa kwa kidole gumba na vidole viwili vya mwanzo, bila kukazwa, na kuzungushwa ubavuni kama gurudumu, kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Baadaye huletwa mbele ya mwili, halafu huinuliwa juu ya kichwa. Kisha vidole hufunguliwa na pete huachwa izunguke juu ya kiganja, katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kila zoezi hufanywa kwa mkono mzuri na kurudiwa kwa mkono dhaifu. Walimu husisitiza jambo hili kwa sababu hupu pacha haina mahali pa kuuficha mkono dhaifu: unapochelewa, pete zote mbili hupoteza mdundo.

Hatua ya tatu ni kuituliza pete hewani, mbinu iliyoelezwa hapo juu. Mwanafunzi husimama mbele ya kioo au ukuta wenye alama, akahakikisha kitovu cha pete kinabaki kwenye alama wakati mkono ukizunguka. Anaanza kwa nusu duara, mkono ukitoka juu hadi chini, kabla ya kukamilisha duara zima. Zoezi hili huchosha bega kwa wepesi, hivyo hufanywa kwa vipindi vifupi.

Hatua ya nne ndiyo ya pete mbili. Huanza na pande tofauti kwa wakati mmoja, kwa kuwa mikono ya binadamu hupenda kuigana kama mtu na kivuli chake. Hufuata upande mmoja kwa wakati mmoja, kisha upande mmoja kwa kupokezana. Pande tofauti kwa kupokezana huachwa mwisho, kwani kila mkono hutakiwa kupuuza kile ambacho mwenzake unafanya. Pete zinapogongana, kosa mara nyingi liko kwenye bapa zaidi ya kasi: mkono mmoja umeingia ndani au umetoka nje, na dawa yake ni kupunguza mwendo hadi kosa lionekane.

Baada ya mipangilio hiyo huja kusuka. Mikono hupishana mbele ya kifua, kila pete ikihama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na kiwiliwili hugeuka kidogo kuzifungulia njia. Kusuka hujifunzwa kwanza kwa pete moja ikihama kulia na kushoto, halafu kwa mikono mitupu, ndipo pete zote mbili ziunganishwe. Mwanafunzi anayefika hapa huweza kugeuka mzima huku pete zikiendelea, kupiga hatua, na kuingiza mbinu za pete moja ndani ya mwendo wa pete mbili. Ndipo mchezo unapokuwa ngoma, kwa sababu miguu na muziki vimepata nafasi tena.

Mazoezi haya huhitaji nafasi ya wazi yenye upana wa mikono iliyonyooshwa pande zote na dari ya kutosha. Vifundo vya mikono, mabega na shingo hupashwa moto kabla ya kuanza. Michubuko midogo kwenye vidole na kiwiko ni ya kawaida siku za mwanzo. Maumivu ya kifundo yanayoendelea ni dalili ya kushika pete kwa nguvu kupita kiasi, na mapumziko hutangulia mbinu mpya.

Wachezaji wengine huendelea hadi pete tatu, nne au zaidi, wakiziunganisha ziwe maua, mabawa na tufe. Hapo wanaingia katika uwanja ambao watu wa asili wa Amerika waliufungua na wanautunza hadi leo, na wajibu wa mchezaji hubadilika. Mbinu za hupu pacha zilizotokana na mchezo wa matamasha ni za kila mtu. Tai, kobe na tufe la ngoma ya pete ni sehemu ya mafundisho yaliyolindwa chini ya marufuku kwa zaidi ya nusu karne, na walimu waangalifu wa hupu huwaeleza wanafunzi wao asili hiyo, huwataja waliotangulia kama Tony White Cloud na Kevin Locke, na huacha maumbo hayo yachezwe na wenyewe au na waliofundishwa nao. Kwa njia hiyo ngoma zote mbili huendelea kukua, kila moja kwenye msingi wake.